UZI: Tabiri ndege mgeni atakayefuata pwani yetu. Taja ndege, mwezi, mahali na sababu

#1 Mguu_Topeni (mwanzisha uzi), Malindi

Wakuu, habari za jioni. Nimetoka mdomo wa mto Sabaki sasa hivi, tope limenifika magotini, nimerudi na hoja badala ya ndege.

Kila Oktoba wageni ninaowatembeza huniuliza: mwaka huu kutakuja nini kipya? Zamani nilikuwa najibu "Mungu ndiye ajuaye". Jibu zuri lakini halina bakshishi. Wenzetu wa darubini kule Uingereza wana mchezo wao wa miaka mingi: mtu anaandika orodha ya ndege ambao hawajawahi kuonekana kwao, anaifungia, halafu wanangoja kuona nani kapatia. Nataka tuucheze hapa kwa masharti ya kwetu. Ndege mmoja tu, si kumi. Mgeni kabisa au adimu mno pale unapotembea wewe. Mwezi, mahali, sababu. Ukileta "nahisi tu", nenda jukwaa la mikeka.

Sababu yangu mimi ni upepo. Kaskazi ikivuma majahazi ya Maskati na Kachi yalikuwa yanaingia, kusi ikishika yanarudi. Ndege nao hawapandi ndege, wanatumia upepo uleule. Kwa hiyo kalenda ya wageni nimeigawa milango miwili. Kuanzia Novemba hadi Machi ulio wazi ni wa Asia. Anaingia kozi wa Amur, ambaye huzaa Siberia na kaskazini mwa Uchina, hutua Nagaland kule India akala akanenepa, kisha akakata Bahari ya Hindi siku kadhaa mfululizo bila kutua. Kuanzia Mei hadi Septemba mlango ni wa Madagaska. Wanakuja kina Glareola ocularis, wale wa rangi ya kahawia wenye mbawa ndefu kama mbayuwayu, wanalala kwa maelfu kwenye vichuguu vya mchanga vya Sabaki. Pia anakuja Ardeola idae, koikoi mdogo aliye hatarini. Mtu akiniambia kamwona ndege wa Madagaska mwezi Januari, naomba picha kabla sijamaliza kumsikiliza.

Dau langu: Calidris tenuirostris, Sabaki, kati ya Novemba na Januari. Ni kitwitwi mkubwa, huzaa mashariki ya mbali ya Siberia, wengi wao huenda zao Australia. Mimi mwenyewe sijawahi kumwona hapa. Lakini wachache hukaa majira ya baridi kwenye Ghuba na Omani, na aliyefika Omani, kaskazi iko nyuma yake. Kumalizia hadi kwetu ni kujiachia tu.

Haya, semeni.

#2 Kibarazani

Nimekaa mbele kabisa, kahawa mkononi. Ngoja waje wenye darubini.

#3 Kijitabu_Mfukoni, Nairobi

Mkuu uzi mzuri, ila umeanza na upepo ukasahau macho. Orodha ya ndege adimu haionyeshi ndege walipo, inaonyesha watu wenye darubini walipo. Chukua ramani ya ndege ya Kenya iliyoanza 2013, ile ya miraba. Miraba iliyonona taarifa ni ya karibu na Nairobi na kando ya barabara kuu. Kwingine peupe. Ina maana kwingine hakuna ndege?

Mfano ninaoupenda ni Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu 1969 watu wanakesha pale lojini na nyavu za kunasia ndege, Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi, ukungu ukishuka mlimani. Ndege wanaosafiri usiku kutoka Ulaya na Asia wanapotezwa na ule ukungu, wanaona taa, wanashuka. Alfajiri nyavu zimejaa. Locustella fluviatilis, yule shore wa vichakani anayetembea chini kama panya, alikuwa anahesabika adimu Kenya. Ngulia ilipoanza wakamnasa kwa wingi. Hakuwa adimu hata siku moja! Alikuwa anapita usiku na mchana anajificha, basi.

Kwa hiyo dau langu si la ndege, ni la mahali: mgeni ajaye ataonekana pale ambapo mtu atahamia na darubini yake. Mwalimu mpya Kipini au daktari mpya Kiunga.

#4 Mguu_Topeni

@Kijitabu hilo silipingi, ila umekwepa masharti. Ndege mmoja!

#5 Kijitabu_Mfukoni

Sawa. Acrocephalus griseldis, yule ndege mdogo wa matete ya Basra. Anazaa kwenye mabwawa ya Irak, majira yao ya baridi anashuka mashariki ya Afrika, delta ya Tana ikiwemo. Huyo si mgeni Kenya. Natabiri atakuwa mgeni kwa *wewe*, Sabaki, kwenye vichaka vilivyo nyuma ya ule mchanga ambavyo hujawahi kuingia kwa sababu macho yako yote yako majini. Desemba.

#6 Mguu_Topeni

Umenipiga ngumi ya tumbo, na ni kweli sijawahi kuingia. Kuna siafu.

#7 Nahodha_Mstaafu, Watamu

Nyinyi wa topeni mnasema ndege mkiwa mmesimama. Mimi miaka yangu yote nimepeleka wageni bahari kuu kuvua, ng'ambo ya mwamba, maji yakawa buluu ya wino. Huko ndiko kuna ndege msiowajua. Tukitafuta jodari hatutazami maji, tunatazama ndege. Ukiona weusi wanaruka chini chini, wanainama bawa moja hadi likate maji, halafu wote wakageuka mara moja, hapo jodari yupo chini yao.

Kuna kijana alikuwa anakuja na kitabu, ndiye aliyenifundisha kwamba yule mweusi mtupu mwenye mkia mrefu ni Bulweria fallax, anatoka visiwa vya upande wa Arabuni na Sokotra. Mimi nilikuwa nikimwita "kaniki". Bado namwita hivyo.

Dau langu ni Phaethon lepturus, yule mweupe mwenye mkia uliotoka manyoya mawili marefu kama nyuzi. Anazaa Shelisheli na Ngazija, jirani kabisa. Julai, kusi ikiwa kali, maili kumi nje ya Watamu. Sababu: mwezi huo boti karibu zote za wageni zimepandishwa ufukweni, bahari mbaya. Kwa hiyo nakubaliana na yule wa Nairobi. Ndege yupo, mtu ndiye hayupo.

#8 Kibarazani

"Kaniki" nimelipenda. Kamati ya majina iketi.

#9 Mwanakisiwa, Mafia

Wakuu shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Nahodha kanikumbusha kitu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita kwetu, usiku kucha bati linapiga makofi. Asubuhi mtoto wa jirani kanijia na ndoo, ndani kuna ndege. Mgongo mweusi kama mkaa, tumbo jeupe, paji la uso jeupe, mkia wa panda. Mdomo mwembamba mweusi, unauma kweli. Nilikuwa nawajua buabua wa ufukweni, huyu hakufanana na hata mmoja. Alikuwa mwepesi ajabu, unamshika unahisi kama umeshika karatasi. Nikamfunika kanga, nikamweka mahali pakavu pasipo na paka. Kanga kainyea yote, mke wangu mpaka leo anaikumbusha. Siku ya pili alasiri nikampeleka upande wa pwani, nikamweka mchangani, akakaa kama dakika tano anatazama tu, kisha upepo ukamnyanyua. Hata sikuona kama alipiga mbawa.

Baadaye ndiyo nikaambiwa ni Onychoprion fuscatus. Anazaa kwa makundi Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha mawe huko nje kusini mashariki ya Unguja, lakini nchi kavu hana haja nayo. Akishatoka kiotani hukaa baharini miaka kadhaa kabla ya kurudi kuzaa.

Mimi basi natabiri huyohuyo, ila si kisiwani. Bara, tena ndani ya nchi, bwawani au kwenye mashamba ya mpunga, siku mbili baada ya kimbunga kijacho. Aprili au Mei, upande wa Lindi au Rufiji. Vimbunga kwetu ni vya nadra ila vipo, wazee wa Lindi wanakihadithia cha 1952 hadi leo.

#10 Mguu_Topeni

Hili ni dau la maana kuliko langu. Masharti nayalegeza: tukio linaruhusiwa badala ya mwezi.

#11 Maskati_Mjini

Assalaam aleikum wana uzi. Mie mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, ila nnaishi Maskati miaka mingi. Nnasoma nnacheka peke yangu, maana mnawangoja huko wale ninaowatazama mie huku.

Mahali penyewe panaitwa Barr Al Hikman, kusini mashariki ya Omani, mkabala na kisiwa cha Masira. Maji yakipwa unaona ardhi tupu mpaka upeo. Majira ya baridi vitwitwi, sululu na jamaa zao hufika kiasi cha nusu milioni. Huyo Calidris tenuirostris yupo, nimemwona kwa macho yangu. Wala hakai peke yake, anajichanganya na wenzake wadogo, basi unamjua kwa kifua kilichomwagiwa madoa na mdomo mrefu unaoinama kidogo ncha.

Ila ndugu yangu wa Malindi, sikubaliani na hesabu yako. Yule kashafika kwake. Ardhi ya kula ipo, baridi hakuna, kwa nini aendelee kilomita elfu tatu na zaidi? Anayeendelea ni yule mla kaa, mweupe na mweusi, Dromas ardeola. Anazaa huku kwetu majira ya joto kali, anachimba shimo mchangani kama panya, yai moja tu ndani ya giza, halafu wengi wanashuka kwenu hadi hori ya Mida, pale Watamu. Ile ndiyo njia yake ya siku zote. Tenuirostris hana njia hiyo. Akija kwenu kapotea, na aliyepotea hafuati kalenda.

#12 Mguu_Topeni

Ahsante sana sheikh, ila nakujibu. Tenuirostris siku hizi hapati chakula kama zamani. Ule ukuta wa bahari wa Saemangeum kule Korea Kusini ulipofungwa 2006, tope walilokuwa wanalishia safarini lilikauka, na wengi walipotea moja kwa moja. Ndege aliyenyang'anywa kituo ni ndege anayetafuta kituo. Mimi naona miaka hii ndiyo watu wake wanaweza kuzagaa kuliko zamani.

#13 Maskati_Mjini

Au ndiyo wamekuwa wachache hata wa kupotea hawapo. Umelitazama upande huo?

#14 Mguu_Topeni

Hapo umenikamata. Dau siondoi lakini.

#15 Form_Six_Bado

Samahani wakubwa, naomba kueleweshwa. Ndege anapoteaje kama anazaliwa anajua njia?

#16 Kijitabu_Mfukoni

Swali zuri mdogo wangu. Anazaliwa anajua *upande*, hajui *mahali*. Mholanzi anaitwa Perdeck alichapisha matokeo mwaka 1958: walinasa kwezi wa Ulaya zaidi ya 11,000 wakiwa safarini, karibu na The Hague, wakawasafirisha Uswisi na kuwaachia huko. Wakubwa, waliokwisha kwenda na kurudi, walisahihisha wakaelekea kwao kwa kawaida. Wadogo wa safari ya kwanza waliendelea na upande uleule waliozaliwa nao, wakatokea kusini mwa Ufaransa na Hispania. Hakuna aliyewaambia kwamba wamehamishwa.

Sasa weka upepo mkali mahali pa ule usafiri wa Perdeck. Kinda wa Siberia anasukumwa pembeni, anaendelea na upande wake kwa moyo mweupe kabisa, anashuka Kenya anadhani kafika. Ndiyo maana ukitafuta waliopotea Oktoba hadi Desemba, tafuta manyoya ya mgongoni yaliyo mapya, yenye ukingo mweupe kama magamba ya samaki. Huyo ni kinda wa mwaka huohuo.

(Sikumbuki kama walitumia lori au ndege, msinishike hapo.)

#17 Form_Six_Bado

Kwa hiyo ndege alipanda ndege 😂

#18 Kibarazani

#1 kasema hawapandi. Uzi uvunjwe.

#19 Mama_Shamba, Voi

Nyote mnatafuta kitwitwi kimoja kilichopotea Siberia. Mimi natabiri kunguru. Kunguru wa Kihindi, mwenye shingo la kijivu. Zanzibar aliletwa miaka ya 1890 eti ale taka, Mombasa kaonekana 1947. Akafuata taka za barabarani, kituo kwa kituo. Mtito Andei ameshafika. Kuku wangu hapa nawachunga kama watoto wa shule, na vifaranga sita wamekwenda mwezi uliopita, mchana kweupe.

Dau: Nairobi, si mmoja wa kupita, bali kundi lenye viota. Mahali ni pale malori yanapolala Mlolongo. Mwezi wowote. Sababu ni nyama choma na mifupa yake. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kuwaua milioni moja, mimi naona bado wananisalimia asubuhi.

#20 Ndugu_wa_Rotterdam

Mama hapo umesema. Huku kwetu Hoek van Holland, bandarini, walitokea wawili 1994. Inaaminika walikuja na meli. Wakazaa, wakawa kundi, serikali ikaja ikawaondoa. Wangeulizwa watabiri wa Ulaya ndege kumi wajao, nani angemwandika kunguru wa Bombay kwenye barafu?

#21 Mguu_Topeni

Mama Shamba sikutegemea, lakini sababu yako ndiyo safi kuliko zote: unajua anakotoka, anachokula na barabara anayoipita. Nimekuandika namba moja.

#22 Chaza_wa_Mida

Mimi niongeze jambo ambalo watabiri wote mmelikwepa. Kumtabiri ndege si kazi. Kazi ni kumtambua akiwa mbele yako. Calidris ruficollis yuko wapi kwenye madau yenu? Anazaa Siberia, anakwenda Asia ya kusini mashariki na Australia. Kitwitwi wetu mdogo wa kawaida, minuta, tunao wengi mno hapa. Januari wote wawili ni kijivu juu na weupe chini. Ukisimama mita thelathini na joto linatetemesha hewa, nakupa shilingi elfu kumi ukiweza kuapa.

Kwa hiyo dau langu ni la mwezi kwanza: mwisho wa Aprili. Wakati huo wamevaa nguo za harusi kabla ya kuondoka. Minuta koo lake linabaki jeupe na mgongoni ana mistari kama herufi V. Ruficollis koo lote linakuwa jekundu la kutu, miguu mifupi kidogo, mdomo butu. Wiki mbili tu za kumwona, kisha wote hao wamekwenda. Mida, maji ya bamvua, pale wanaposongamana kabla mchanga haujafunikwa.

Huenda ruficollis kapita mbele yetu kila mwaka tukamhesabu minuta.

#23 Mguu_Topeni

Hilo la kutambua nina aibu yake. Miaka mingi nyuma nilikuwa na wageni wanne, wamelipa vizuri. Nikaona kiumbe kimesimama peke yake, mgongo kama una dhahabu jua linapozama. Nikasema kwa sauti: Pluvialis, wale wa dhahabu, na si fulva wa kila mwaka, huyu ni wa Amerika! Nikatoa hotuba, miguu hivi, ncha za bawa vile. Mzee mmoja kanyamaza anaandika. Ndege akaruka. Kwapa jeusi tii.

Mnaojua mmeshacheka. Kwapa jeusi ni squatarola, yule wa kijivu, ambaye siku hiyo walikuwa sitini nyuma yetu. Dhahabu ilikuwa ya jua. Mzee akafuta alichoandika, taratibu, kwa kifutio. Ile sauti ya kifutio ninaisikia hadi leo nikitaka kupiga kelele mapema. Siku hizi kabla sijatuma chochote kwenye kamati ya ndege adimu ya Afrika Mashariki nangoja ndege aruke.

#24 Kijitabu_Mfukoni

Kuna njia ya mkato jamani. Ngojeni wenye vitabu wagawe ndege mezani. Yule kitwitwi mongolus wa mchangani miaka michache nyuma kagawanywa jamii mbili: wa Tibet, atrifrons, ndiye huyu wetu wa kawaida, na wa Siberia akabaki na jina mongolus. Kwa hiyo sasa wa Siberia ni mgeni wa kutafutwa, wakati kabla ya hapo ulikuwa unampita kama jiwe. Dau langu la pili.

#25 Mama_Shamba

Wewe ulikatazwa wawili.

#26 Mwanakisiwa

Swali kwa Mguu. Ule msimu wa kozi wa Amur, kwenu mnajuaje siku wanayofika? Kwetu wazee wanasema ukiona kereng'ende wengi hewani wametokea ghafla, tazama juu.

#27 Mguu_Topeni

Kereng'ende mdudu, si kereng'ende kwale, tusije tukagombana bure. Ndiyo, hata hapa. Kuna nadharia kwamba wale wadudu nao wanavuka kutoka India kupitia Maldivi kwa upepo huohuo, na kozi wanawala njiani. Mimi ninachojua ni kwamba mwaka jana nilivua kofia kumfukuza mmoja usoni, nikatazama juu, kulikuwa na kozi mia na kitu wanazunguka kimya juu ya Mambrui. Hata mbwa hakubweka.

#28 Mguu_Topeni

Daftari limefungwa kwa sasa. Tenuirostris (mimi). Griseldis kichakani kwangu (Kijitabu, la pili limefutwa kwa amri ya Mama). Mkia wa nyuzi (Nahodha). Buabua wa kimbunga bara (Mwanakisiwa). Kunguru Mlolongo (Mama Shamba). Ruficollis Aprili (Chaza). Maskati hakuweka dau, kaweka shaka, naye nimemwandika.

Leo asubuhi nimeingia kile kichaka nyuma ya mchanga. Siafu wapo. Kuna kitu kilisema "chak" mara mbili ndani ya matete, kikahama, sikukiona hata bawa. Rangi sijui, ukubwa sijui. Nimekaa saa nzima na nusu mpaka maji yakanikatia njia, nikarudi kwa kuzungukia darajani.

Kesho sitaki maji yanikatie njia tena. Naingia mapema, saa moja asubuhi, na soksi ndefu. Aliye karibu na Malindi anikute upande wa Mambrui wa daraja, aje na darubini yake mwenyewe.

#29 Kijitabu_Mfukoni

"Chak" kavu au "chak" yenye mkwaruzo? Jibu haraka, niko kituo cha basi.